Hafai

Daftari langu lina safu tano:
jina, kundi la damu, uzito, kipimo cha ini,
na ya mwisho, nyembamba, isiyo na kichwa.

Walishuka meli ya asubuhi, ukoo mzima wa Nansio,
wakapanda kilima na vikapu vyao,
Bwire katikati, macho rangi ya bizari,
tumbo kama la mtu aliyemeza ziwa.
Alikuwa mchomelea mageti. Homa ya ini ilimla kimyakimya,
miaka isiyo na maumivu.

Mama yao akasema: damu nzito kuliko maji,
mtoboe yeyote hapa, utapata.
Sikumjibu. Mashine haijui methali.
Damu ni nzito, ndiyo, lakini ina makundi,
na si makundi yote husalimiana.

Manyama, kifungua mimba, mabega kama mlango:
kirusi kilekile cha mdogo wake
kimelala ndani yake, hakijaamka.
Alikuja kutoa, akaondoka na dawa.
Shangazi: umri. Binamu: mafuta kwenye ini.

Majura.
Kundi B kwa kundi B. Mishipa imekaa
kana kwamba fundi aliichora kwa rula.
Lake na la nduguye, chanda na pete.
Nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta,
nikatoka, nikamkuta koridoni ameshika ukuta.

"Sista," sauti chini kuliko feni,
"nina wanne, na wa tano yuko njiani.
Usiku naota nimeamka nusu.
Nikisema sitaki, nitakula na nani?
Nitazikwa na nani?"

Dirishani mawe ya Mwanza yalikuwa yamebebana,
jiwe juu ya jiwe,
na hakuna aliyewahi kuyauliza kama yanataka.

Nikachukua kalamu. Safu nyembamba: *Hafai.*
Nikawatangazia kwa sauti ya kazini:
Majura hafai. Sababu ni siri ya mpimwa.

Mama akamkumbatia. Wakamnunulia soda.
Yeye ndiye wakamfariji: si kosa lako,
ndivyo ulivyoumbwa.
Akanywa. Niliona koo likikataa.

Nilidanganya? Nimejiuliza nikifua sare,
nikisubiri maji yarudi bombani.
Asiyetaka hafai. Hicho nacho ni kipimo;
hakina mashine, husomwa machoni.

Siku ya tatu Nyabise, mke,
aliyekuwa akikunja kanga na kuikunjua,
akainuka: "Mimi hamjanitoboa."
Mke si damu, shangazi akanong'ona.

Kundi O. Kilo hamsini na nane.
Wakichukua upande wa kulia atabaki na theluthi na ushee,
na ini si shamba la urithi:
ukiligawa, linaota tena.
Nilimweleza hatari zote mara mbili, mlango umefungwa.
Nikamwonyesha na ile safu nyembamba,
kwamba ipo, kwamba ni yake akiitaka.
Akasema: "Si wanasema nyongo mkalia ini?
Miaka kumi na moja nimelikalia. Andika."

Kisu kilikuwa ng'ambo, mbali.
Waliuza kiwanja na ng'ombe saba.
Majura aliuza pikipiki, bila kuombwa,
na watu wakasema, angalia moyo wa yule.

Machi, kliniki. Bwire macho meupe,
anamlalamikia muuguzi chai haina sukari.
Nyabise anatembea ameshika ubavu,
Majura nyuma yake na mkoba wa shemeji begani.
Wenzake walipoingia kwa daktari, alibaki.
Akaweka mezani mfuko wa machungwa ya Ukerewe.
Hakusema ya nini.
"Lile daftari," akauliza, "huwa linafungiwa?"

Nikamwonyesha ufunguo, shingoni.

Akamenya chungwa moja, akaligawa,
pande moja likawa kubwa kuliko lingine.
Alikaa akiyatazama muda mrefu
kabla ya kusukuma kubwa upande wangu.
Lilikuwa chachu. Tulilimaliza.