Fomu ya Ambakisye

Fomu inarudi Jumatatu. Mwalimu amesisitiza:
tiki moja, kalamu ya wino.
Biashara, au Muziki.

Baba yake alisema lake kabla ya kuvua mabuti,
udongo wa viazi hadi magotini:
"Nyimbo hazinunui mbolea."
Sikuwa na jibu. Kweli hazinunui.

Chini ya kitanda ipo tarumbeta ya kaka yangu Gwakisa,
imebonyea ubavuni, imeviringishwa joho la kwaya.
Aliipuliza alfajiri ya Pasaka,
Tukuyu nzima ikaamka ndani ya ukungu.
Akafa na deni la duka.
Hayo nayaandika wapi kwenye fomu?

Juzi nilimkuta mtoto jikoni, anachambua maharage,
kidole kinagonga ungo, midomo imefumba.
"Unafanya nini?"
"Nasubiri zamu yangu, mama. Bado mapigo saba."

Huyu huyu, wa kumi na mbili kwa mia kwenye Hesabu,
anahesabu kimya
wala hapotei.

Mvua imerudi juu ya bati.
Kalamu ninayo. Baba yake amelala,
au anajifanya: mguu wake
unagonga ubao wa kitanda,
moja, mbili,
moja.