Kilimia, Matamba, saa kumi na moja alfajiri

Kioo nilikisugua mwenyewe miezi mitano,
kwa unga wa msasa na maji ya ndoo,
mke wangu akisema: fundi bomba karogwa na sahani.
Mwili wa darubini ni bomba la inchi sita
lililosalia kwenye mradi wa maji wa kata.

Julai. Sakitu imelala juu ya nyasi;
ukikanyaga, inalia kama chumvi ya mawe.

Atuganile anapita na jembe begani,
anawahi viazi kabla ya lori la Makambako.
"Jirani, unachungulia nyumba ya nani huko?"
Namwonyesha, juu ya mgongo wa mlima: Kilimia.
"Hicho nakijua. Ni sita. Bibi alisema saba,
lakini bibi alihesabu hata deni asilodai."

Anaweka jembe chini. Anainama.
Kwanza anaona kope zake tu.
Kisha pumzi yake inafunika kioo, tunangoja,
nafuta kwa pindo la shuka,
anainama tena
na ananyamaza.

Sijawahi kumsikia Atuganile akinyamaza.

"Nani kazimwaga?"
Sijui ni ngapi. Juzi nilifika thelathini na nane
baridi ikanikata hesabu.
Na rangi ile: si nyeupe,
ni ule mwali wa chini wa jiko la gesi,
buluu inayoona haya kuitwa buluu.

Namwambia ni changa. "Changa kama nani?"
Nasema, zilipowaka mara ya kwanza
mijusi ya Tendaguru ilikwisha kuwa mawe.
Ananitazama vile anavyomtazama dalali
anayeapa kwamba lumbesa ni gunia moja.
"Huo ndio uchanga?"
"Kwa nyota, ndiyo. Bado hazijaachana."

Hapo nimekosea. "Zitaachana?"
Basi nasema. Kwamba zilizaliwa wingu moja,
kwamba kamba inayozifunga ni nyembamba,
kila moja itashika njia yake
na hakuna atakayesikia mlango ukifungwa.
Nikataja (mdomo huu!) Tunduma, na Dar,
na Lusajo wake asiyepiga simu tangu Pasaka.

"Koma," anasema, jicho bado liko kwenye kioo.
"Wanangu wana majina. Hizi ziache ziwe nyota."

Zinateleza kuelekea ukingoni.
"Zinakimbia!"
Ni sisi, nasema, sisi ndio tunaokwenda.
Nasukuma bomba kwa ncha ya kidole
na zinarudi zote, zikitetemeka
kama maji ya ndoo iliyotuliwa sasa hivi.
"Tena." Nasukuma.
"Tena."

Jogoo wa kwa Tweve. Honi ya lori kule barabarani.
Mashariki panapauka, zile ndogo zinazama kwanza,
kisha zinabaki sita zake, kisha nne.
Anaokota jembe; mpini umeota sakitu,
anaufuta kwa kanga.
Kafika kwenye ua wa matete, anageuka:
"Ile ya saba, ya bibi. Ilikuwa ipi?"

Nikainama kuitafuta.
Kulishakucha.