Kifungu cha Kwanza

Basel, Januari, mwaka wa pili tangu vita viishe.
Ukumbi wa shule tumeukodi siku mbili,
kuni hazimo katika bei.
Wajumbe wamekaa na makoti yao.
Mimi mpiga taipu: riziki yangu ni maneno ya wengine.

Asubuhi nzima wanagombania jina.
Bwana Verhaeren wa Ghent halitaki neno "umoja":
umoja ulipita kwake na farasi, ukachoma ghala.
Daktari Piroska Vadas, siku nne njiani kutoka Budapest,
mkate mmoja ndani ya mkoba wa vipimo,
hataki "msaada."
"Msaada una mwenyewe," asema, "na mwenyewe hukumbusha."
Nikaandika. Nikafuta. Nikaandika.
Karatasi ikatoboka pale jina lilipotakiwa kukaa.

Saa saba bawabu akabisha.
Treni ya Vienna imeshusha watoto arobaini;
orodha inasema thelathini na tisa.
Huyu wa ziada kasimama mlangoni,
kichwa kimenyolewa, mvulana au msichana hatujui,
kadi shingoni kama mzigo wa forodha.
Wino umeoshwa na theluji:
imesalia herufi R
na namba ya kiatu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Haya. Na huyu wa R?

Hakuna aliyehutubia.
Verhaeren alivua glavu, akapiga goti,
kamba zimeganda, akazifungua kwa meno.
Kisha akauliza, polepole, kama panaumia,
kwa Kijerumani,
lugha aliyotuapia sote asubuhi kwamba haijui.

Tulishusha macho.
Daktari akazungusha utepe juu ya kiwiko,
akataja namba, nami nikaipiga,
kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na uhakika.

Kabla ya giza walikuwa wametia saini ukurasa mmoja.
Kifungu cha kwanza: majina yaandikwe kwa penseli,
wino hauiwezi theluji.
Cha pili: kila kadi nakala mbili,
moja isisafiri na mtoto.
Pale juu, pa jina, palibaki tundu.

Jina walilipata Machi, refu, kwa lugha tatu.
Nimelipiga mara elfu na bado hunitoka.

Ila jioni ile nakumbuka tulivyomjaribu mtoto,
kila mtu na lake:
Reinhold? Rosl? Rupert? Regine?
Hakugeuka hata kwa moja.
Alikuwa na mkate wa daktari,
anakula.