Tafsiri, Chumba Namba Sita

Daktari Shobhana anasema Kiarabu cha kujifunza,
polepole, kama mtu anayepita juu ya vigae vilivyolowa,
nami nakigeuza Kiswahili cha Wete,
kwa sababu Mama, miaka hamsini hapa Maskati,
akiumwa haumwi kwa Kiarabu.

Jina la ugonjwa tulishapewa wiki iliyopita.
Leo tumekuja na swali,
alilolifunga katika pindo la leso pamoja na kadi ya hospitali:
kwa nini mimi?
Kwetu hajaumwa mtu utumbo.
Sivuti. Nyama ya mkebe siijui ladha yake.
Mke wa mjomba, kule Ibra, keshasema ni jicho.

Daktari anachora nyuma ya bahasha ya majibu:
bomba, ndani ya bomba ukuta,
ukutani visahani vidogo vidogo.
Hivi, anasema, ni vipokezi.
Natafuta neno. Vitasa? Vikombe?
Nasema: Mama, utumbo una masikio.
Mama anainamia tumbo lake
kama aliyemsengenya mtu, kumbe mwenyewe yupo.

Homoni za kike zikipita katika damu
masikio yale huzisikia,
na huenda, anasema daktari, huenda
ndizo zinazoziambia seli: gawanyikeni kwa adabu,
iliyochoka ipumzike, iliyoharibika ife.
Zikikatika —
anaitafuta kalamu aliyoishika mkononi —
huenda ukuta ukabaki bila wa kuuonya.

Zilikatika lini?
Nauliza kwa kunong'ona, na mlango umefungwa.
Kalenda ya Mama haina namba, ina misiba:
mwaka wa kimbunga,
maji yalipochukua gari la shemeji pale Kurumu.
Nilikuwa na arubaini na moja.
Nikasema alhamdulillah, nimepumzika.
Nikazichoma zile nguo.

Kisha akanyamaza, akazungusha pete.
"Kwa hiyo damu ile niliyoilaani
ndiyo iliyokuwa mlinzi wangu?"

Hilo nilikaa nalo kidogo mdomoni.
Daktari alisubiri. Nikalitoa.
Hakusema ndiyo. Alisema ipo na homoni nyengine,
ile ya sukari, yenye kazi ya kupiga kelele
kuleni, kueni, ongezekeni,
na mwenye kisukari damu yake imejaa kelele hiyo,
na huenda, tena huenda,
masikio ya utumbo yakachoka kubagua.
Alisema: tumewachunguza wanawake maelfu.
Wewe mmoja hatukujui.

Nikatafsiri. Nikaona aibu kwa niaba ya elimu.
Jicho lina uhakika, lina na mtu wa kumshuku.
Huenda haina hata jirani.
Mama akalirudia neno, huenda,
taratibu, kama anayeonja chumvi ya mchuzi wa mwenzake,
akasema, "Basi si halwa ile ya Barka peke yake,"
na nikaona bega lake moja limeshuka,
lile la kushoto,
ambalo tangu wiki iliyopita alikuwa amelibeba juu.

Hapo ndipo moto uliponipanda.
Kiyoyozi kimetiwa kumi na nane, muuguzi amevaa sweta,
nami jasho linanitoka chini ya shela,
linashuka mgongoni mstari mmoja, bila haya.
Niliendelea kutafsiri.
Dawa ya kusafisha, lita nne, Jumatano usiku.
Asile mbegu. Asile maganda.
Neno maganda likanikimbia kwa Kiarabu na kwa Kiswahili.

Mama akaichukua bahasha mezani,
ile yenye ukuta na masikio,
akaanza kunipepea.
"Umeanza lini?"
"Tangu Rajabu."
"Na miaka yako?"
Anaijua. Alinizaa yeye.
"Arubaini na moja."

Wino ulikuwa bado haujakauka vizuri.
Masikio yale yakapita mbele ya uso wangu,
yakarudi, yakapita,
huku Mama amemgeukia daktari,
anamwambia, kwa Kiarabu kisicho na kosa hata moja,
kumbe anacho, siku zote anacho:
Muandikie na huyu.