Kozi ya Kwanza

Jumamosi ya Juni, ukungu umekaa juu ya Loleza
kama mgeni asiyejua kuaga,
nami nimewavisha masweta mawili mawili:
Ipyana wa miaka sita, Subilaga wa mitatu na nusu
(hiyo nusu anaidai mwenyewe, usiisahau).
Mama yao yuko Mwanjelwa na viazi vyake.
Leo zamu yangu.

Ukumbini, kule Forest, wamemwaga vitofali vya plastiki
juu ya maturubai, malundo kwa malundo,
na vikichakurwa vinalia
kama mahindi yanayopukuchuliwa kwenye sinia la bati.
Kiingilio elfu mbili kwa mtoto, mzazi bure.
Mzazi bure! Nikacheka.
Miaka kumi na saba najenga,
leo ndiyo mara ya kwanza naingia saiti bila kuulizwa bei.

Nikachutama. Goti likalia.
Kitofali kizima hakizidi ukucha wangu wa gumba,
kinaniponyoka; vidole vilivyokaushwa na saruji
havijui tena kushika kitu kisicho na uzito.
Nikasema, Ipyana, funga kona kwanza.
Usiache viungo vikafuatana, ukuta utapasuka.
Akaniangalia jinsi mteja anavyomwangalia fundi
aliyeomba pesa ya pili kabla ya lenta.
"Baba, hiki hakitaki udongo."
Tk.
Kweli, kimeshika.

Akaanza na choo.
Watoto wa wenzetu wana minara, wana madaraja,
baba mmoja mwenye miwani amejenga uwanja wa ndege
na mwanawe amelala pembeni, kidole mdomoni.
Wangu kajenga choo, kakiezeka kwa kijani,
kisha akatangaza ukumbi mzima usikie:
saiti huanza na choo, la sivyo mafundi watakwenda wapi?
Mama wa meza ya jirani akageuka kuona nani kamfundisha.
Nikatazama dari.

Subilaga hajengi. Anachagua vya njano,
vya njano tu, anavipanga mstari mmoja
ulionyooka kuliko kamba yangu,
ukapita katikati ya miguu ya watu hadi mlangoni.
"Nini hiki, mama?"
"Msingi."
"Wa nyumba ya nani?"
"Yetu."
Akarudi lundoni, hana muda na mimi.

Kiwanja chetu kiko Isyesye. Mawe yamepangwa,
mwaka wa tano huu, na maboga ya jirani
yameshatambaa ndani
hadi pale kitakapokuwa chumba cha watoto.
Nimepaua nyumba kumi na moja za watu tangu hapo.
Sisemi kwa uchungu. Nahesabu tu.

Saa kumi, msichana mwenye kipaza sauti:
tubomoe, kila kitu kirudi kwenye ndoo.
Ukumbi ukaangua kilio.
Ipyana hakulia. Akatoa paa, akatoa ukuta,
kozi kwa kozi, taratibu, kama mtu anayehesabu chenji.
Alipofika chini akauliza:
"Na wewe huwa wanakubomolesha?"
"Hapana. Mimi huwa nakabidhi ufunguo."
Akafikiri.
"Afadhali kubomoa."

Subilaga alirudi mgongoni kwangu, usingizi mzito,
ngumi moja imefumbwa.
Nyumbani ikafunguka yenyewe: kitofali cha njano,
kimemwachia vidoa vinane kiganjani.
Mama yao akasema kirudishwe, udokozi huanza na kidogo.
Jumatatu nikapita. Mlango una kufuli.
Mlinzi anaota jua: wale wameshahamia Njombe.

Basi kipo, mfuko wa shati,
pamoja na penseli na futi.
Nikiinama kwenye msingi wa mtu kinanichoma kifuani.
Na kila jioni, kabla sijavua buti, anakuja:
"Umeshakijengea?"
"Bado."
"Kesho?"
Nanawa mikono.
Maji ya Mbeya mwezi huu yanauma hadi kwenye mfupa.