Kifungo cha Nne

Tulikung'uta theluji mlangoni mwa korti ya Sliven,
Sabka na mimi, wafuma sufu wa zamu ya usiku,
vidole bado vikinuka mafuta ya mashine.
Miaka ishirini na mitatu tumeketi bega kwa bega;
najua anavyokohoa akitaka kusema.

Wakili wa Sajini Drumev akasoma:
kijana Orlin, umri miaka kumi na tisa, aliteleza ngazini.
Ngazi za kituo zina vidato sita.
Nilivihesabu nilipompelekea Sabka koti,
usiku ule aliokesha nje
akiambiwa mwanawe hayumo.

Mbavu nne. Vidato sita.
"Aliteleza," wakili akarudia,
na neno lenyewe likateleza,
likapita meza ya karani bila kugusa kitu.

Orlin walimrudisha ngumi imefumbwa.
Mwosha maiti ndiye aliyeifumbua, kidole kwa kidole:
kifungo cheusi, mashimo manne,
na kipande cha uzi uliokatwa kwa kuvutwa,
si kwa mkasi.

Ghala limekaguliwa, wakasema.
Sare zote kamili.

Sabka akakohoa.
"Mheshimiwa, naomba nimsogelee."
Askari wawili wakasimama.
Jaji akavua miwani: mwacheni.

Usoni hakumtazama.
Alimtazama kifuani, tunavyokagua jora
kabla ya kuligonga muhuri.
Cha kwanza, mashine: nyuzi mbili sambamba.
Cha pili, mashine. Cha tatu.
Cha nne, mkono wa mtu,
nyuzi zimepishana msalaba, fundo limebaki nje,
la mtu asiyejua kushona
au aliyeshona huku anatetemeka.

Drumev akakifunika kwa kiganja.
Hapo ndipo chumba kizima kilipokiona.

Sabka akafungua leso.
"Sijaja kuomba kifungo," akasema.
"Nimekuja kukirudisha."
Akakiweka mezani; kikazunguka, kikazunguka,
karani ameishika kalamu hewani
hadi jaji, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia
siku zote tatu, akamwambia: andika.

Hukumu bado. Wametupa tarehe nyingine, ya mwezi wa tatu.
Saa nne usiku tulikuwa mashineni.
Uzi ulikatika mara mbili.
Sabka aliuunga bila kuuangalia.