Mtunza Gambuti

Saa kumi alfajiri nafungua kibanda,
tochi mdomoni, mikono ina kazi.
Udongo wa Kamulu, mvua ikinyesha, huukanyagi:
unakukanyaga.
Unakushika kifundoni kama mdai wa mwisho wa mwezi,
unakwambia, leo huendi.

Ndiyo maana wanakuja na gambuti hadi ukingo wa lami,
wanashika nguzo ya stima, mguu mmoja juu kama korongo,
wanavaa vya ngozi, wananiachia vya mpira.
Ishirini kwa jozi. Soksi sihesabu.

Nyuso zao sizijui. Ni giza wakienda, giza wakirudi.
Nawajua kwa miguu:
namba sita, kisigino kimeliwa upande, mwalimu wa Buruburu;
namba tano nyekundu, nesi wa zamu ya usiku,
hupishana na mumewe hapa kwangu alfajiri,
hupeana ufunguo na habari za kikohozi cha mtoto,
basi, ndoa yote ndiyo hiyo;
namba kumi na moja, Nyamweya,
anayeshinda ghorofani mjini akihesabu pesa za wengine.

Walisema wamefuata hewa.
Walisema kodi ya mjini humla mtu kuanzia miguuni.
Wakanunua hamsini kwa mia,
wakasimamisha geti kwanza, nyumba itafuata;
kuna mageti huku yanafungia upepo.

Na mimi niseme nini?
Pale penye tangi la Nyamweya palikuwa na mbaazi zangu.
Niliuza mwenyewe, kidole gumba ndani ya wino wa broka,
nikalipa karo ya Mutheu, nikanunua mabati kumi na mbili,
pesa ikaisha kabla ya mvua za vuli.
Mutheu amesoma, amepata kazi,
amepanga Umoja, chumba kimoja,
chumba kama kile walichokikimbia hawa.
Hunipigia simu Jumapili, ananiuliza:
Mama, huko hewa ikoje?

Kuna mvulana, Momanyi, wa darasa la pili.
Huja jioni na kidumu cha maji, haulizi baba yuko wapi.
Anauliza, Ni zipi ziko?
Gambuti zikiwepo rafuni, baba yuko mjini.
Vya ngozi vikiwepo, baba yuko nyumbani, amelala,
mtu asipige kelele.
Hivyo ndivyo anavyomsoma baba yake,
kama wengine wanavyosoma saa.

Mwezi wa tano namba kumi na moja hazikutoka rafuni.
Wiki ya kwanza, ya pili.
Nasikia nauli ilipanda. Nasikia bosi aliongeza saa.
Nasikia amepata godoro kwa binamu yake Pipeline,
atakuwa anakuja mwisho wa mwezi, mwezi ukiwa na mwisho.
Nasikia mengi. Kazi yangu ni viatu.

Lakini zilikauka, zile gambuti.
Tope likawa vumbi, vumbi likadondoka,
buibui akaanza ujenzi katika ule wa kushoto;
yeye hakuhitaji broka.
Na mtoto anakuja kila jioni, anatazama,
anabeba kidumu chake, anakwenda.

Jana usiku, baada ya kufunga,
nilizitoa nje.
Nikamwomba buibui radhi.
Nikazichovya shimoni, pale lori la maji lilipozama,
nikazipaka tope hadi magotini
kama zilizotembea kilomita mbili gizani, kwenda na kurudi,
nikazirudisha zikitiririka.

Leo akaja. Akasimama.
Akaweka kidumu chini, akagusa kwa kidole kimoja.
Alikuja?
Nikasema, Si unaona mwenyewe.
Akazitazama gambuti.
Akaitazama mikono yangu, kucha zangu.
Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa kaptura,
akatoa sarafu ya ishirini yenye joto la kushikwa siku nzima,
akaiweka rafuni, kando ya ule wa kushoto,
akaondoka polepole, pekupeku,
viatu vyake vya shule vimening'inia shingoni.